Liache gari lilale kwanza

Ilikuwa haijafika saa kumi na mbili asubuhi. Mimi na shemeji yangu tumesimama mbele ya lango la nyumba moja mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, nami nina utepe wa kupimia mfukoni. Jioni iliyotangulia tulikuja kuliona gari: jeupe, la Kijerumani, la mwaka 2008, silinda nane, viti vya ngozi, paa la kioo. Shemeji alikuwa ameshalipenda. Nilijua kwa jinsi alivyopitisha kiganja juu ya boneti bila kusema neno. Mimi nilimwomba mwenye gari jambo moja tu: "Papa, usiliwashe tena mpaka turudi kesho. Liache lilale."

Kabla ya kuondoka nilipima pembe zote nne, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, nikaandika kwenye simu. Asubuhi nikapima tena. Mbele hakukuwa na tofauti ya maana. Nyuma kulia lilikuwa limeshuka sentimita saba. Lilikuwa limechuchumaa upande mmoja kama mbuzi aliyeumia mguu.

"Mukubwa, ile ni kawaida," mwenye gari akasema. "Ukiwasha tu, inapanda."

Na kweli lilipanda. Baada ya dakika moja hivi lilikuwa limenyooka, na mtu ambaye angekuja saa nne asingeona kitu.

Gari la kifahari lililozeeka huficha magonjwa yake likiwa limeshapata joto. Lina kompresa ya kuliinua kwa hewa hata kama hewa ilivuja usiku, kompyuta za kurekebisha moto wa injini, feni za kupoza, na sauti nene inayokuvutia usisikie sauti nyingine. Likiwa limelala usiku kucha, vyote hivyo vimezimwa. Unabaki na mpira, plastiki, chuma na mafuta, na kila kimoja kinaonyesha umri wake. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniomba nimsindikize kununua, sharti langu ni hilo moja: gari lilale kwanza, na tulikute bado limelala.

Nililijua hili kwa pesa yangu na kwa machozi ya mtu mwingine. Mwaka 2016 nilinunua gari la aina hii saa saba mchana. Nilipofika nilikuta injini inaunguruma, kiyoyozi kimewashwa, ndani kumepoa vizuri. Sikuuliza kwa nini limeachwa likinguruma. Wiki tatu baadaye nilimpakia mama yangu twende Likasi kwenye kilio cha mdogo wake. Kabla ya kufika, mshale wa joto ukaanza kupanda, na kabla sijapata pa kuegesha mvuke ukatoka chini ya boneti. Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa nne, malori ya madini yakipita karibu yetu, mama amejifunika kitambaa puani. Alifika kaburi limeshafunikwa. Hakunilaumu hata siku moja. Fundi alipofungua injini alitoa bomba la maji la plastiki lisilozidi urefu wa kiganja changu, akalibinya kwa vidole viwili likavunjika kama biskuti. Kichwa cha injini kilikuwa kimepinda. Nililipa dola 3,200, na bomba lenyewe lilikuwa la bei ndogo kabisa katika hesabu ile.

Kwa hiyo naanza na maji.

Kwanza weka kiganja juu ya boneti, kisha juu ya injini yenyewe. Ikiwa ni ya uvuguvugu na jua halijachomoza, kuna mtu ameamka kabla yako. Muage mwenye gari kwa heshima, urudi siku nyingine au usirudi. Ikiwa ni baridi kabisa, fungua kifuniko cha chupa ya maji ya rejeta, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa usalama injini ikiwa moto. Tazama rangi. Unatakiwa kuona likide, yale maji ya rangi, safi. Ukiona maji matupu ya bomba, au maji ya kahawia kama chai iliyolala, au utando kama mayonezi, umeshapata jibu kubwa. Utando maana yake mafuta na maji vinakutana mahali ambapo havitakiwi kukutana.

Hapa kwetu kuna desturi moja inayoua injini hizi, nami naisema kwa uchungu kwa sababu mafundi wanaoifanya ni watu wazuri wanaotaka kumsaidia mteja. Gari likichemka, wanatoa termostati, ile valvu ya kudhibiti joto la maji ya injini, wanaitupa, wanajaza maji ya bomba, basi. Kwa lori la zamani hilo liliweza kupita. Kwa injini ya alumini ya mwaka 2005 halipiti. Bila termostati injini inafanya kazi ikiwa baridi mno, kompyuta inaongeza esanse, yaani petroli, na katalisa, kisafishaji cha moshi, inaungua taratibu. Maji ya bomba yanakula alumini kutoka ndani. Tena Lubumbashi iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji matupu yasiyo na mgandamizo yanachemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Injini nyingi kati ya hizi zilipangiwa kufanya kazi karibu na nyuzi hizo hizo, zikitegemea likide na mgandamizo wa kifuniko. Usisahau kufungua koferi, yaani buti, nyuma. Ukikuta bidoni ya maji ya lita tano imelala pale pembeni, hujaambiwa uongo bado, lakini bidoni imeshakuambia ukweli.

Na yale mabomba ya plastiki? Uliza habari zake kwa kila gari, maana mahali pake hapafanani. Porsche Cayenne ya kwanza yenye silinda nane ina mabomba ya maji ya plastiki chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, katikati ya injini, na watu wengi wameyabadilisha kwa ya alumini. BMW zenye injini ya V8 iitwayo N62 zina bomba linalopita kati ya safu mbili za silinda, na sili yake, mpira wa kuzibia, ikikauka maji yanavuja mahali usipopaona. Mwenye gari aliyekwisha kubadilisha atakuonyesha risiti kwa furaha. Asiye na risiti, hesabu kwamba kazi hiyo ni yako.

Sasa washa, lakini usikae ndani. Mwombe mtu mwingine awashe, wewe simama mbele, boneti wazi, simu zimezimwa, watoto wasogee. Sekunde tano za kwanza ni za thamani kuliko nusu saa ya kuzunguka mjini. Injini nyingi za Ulaya za silinda nane hutumia cheni, na cheni hiyo huongozwa na reli ambazo mara nyingi zina plastiki. Reli zikiliwa, au kikaza cheni kikichoka, utasikia mkwaruzo wa chuma pale mwanzo, kama misumari kwenye kopo, kisha mafuta yanapanda na kelele inanyamaza. Mchana hutausikia. Kuna Mercedes za karibu 2004 hadi 2006 zenye injini za M272 na M273 ambazo gia moja ya ndani huliwa meno kabla ya wakati. Kuibadilisha ni kushusha injini nzima.

Iache iungurume dakika kumi bila kuigusa. Ongea na mwenye gari habari za watoto. Kisha mtu akanyage esanse kwa nguvu mara moja, wewe utazame bomba la moshi. Wingu la buluu baada ya kusubiri hivyo ni sili za valvu zilizokauka, ugonjwa unaojulikana sana kwa N62. Moshi mweupe unaoendelea, wenye harufu tamu, ni likide inayoungua. Mvuke kidogo wa asubuhi unaopotea haraka usikutishe.

Kabla ya yote hayo kuna kitu kidogo watu wanakiruka. Geuza ufunguo hatua moja bila kuwasha. Taa zote za onyo lazima ziwake: injini, ABS ya breki, mifuko ya hewa, mafuta. Kisha gari likiwashwa zizime zenyewe. Taa isiyowaka kabisa imetolewa au imefungwa isiseme. Nimeona gari ambalo taa ya mifuko ya hewa ilikuwa imezibwa kwa kipande cha utepe mweusi nyuma ya kioo cha dashibodi. Fundi wangu aliitambua kwa sababu vumbi pale lilikuwa limefutwa na kwingine halijafutwa.

Chomeka skana, kifaa cha kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Tundu lake liko chini ya usukani, na kifaa cha kuchomeka ukasoma kwa simu si ghali. Lakini angalia zaidi ya hitilafu zilizoandikwa. Mtu akifuta hitilafu asubuhi ya mauzo, kompyuta hurudia vipimo vyake upya, na skana itaonyesha kwamba vipimo hivyo havijakamilika. Gari linaloendeshwa kila siku halafu likaonyesha vipimo vingi havijakamilika, yaelekea limefutwa jana. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko kukuta hitilafu tatu zilizoachwa wazi.

Mvua ni somo kubwa hapa, na wauzaji wanajua. Ukinunua Agosti, gari halijaona tone la maji kwa miezi kadhaa. Paa la kioo lina mfereji kuzunguka ukingo wake, na kwenye pembe kuna vimirija vinavyoshuka ndani ya nguzo mpaka chini. Maji hayazuiwi pale juu, yanasafirishwa. Vumbi letu jekundu na majani ya mwembe yakiziba vimirija, maji ya Desemba yanashuka ndani, chini ya zulia. Na huko chini ndiko watengenezaji walikoweka vitu vya thamani: Touareg na Cayenne za kwanza zina betri chini ya kiti cha dereva, na magari mengi ya daraja hili yana vikasha vya kompyuta na mafundo ya nyaya sakafuni. Dalili zake zinachekesha mwanzoni. Vioo vinashuka vyenyewe, taa zinawaka usiku, betri inakufa kila baada ya siku mbili. Halafu hazichekeshi tena.

Jaribio langu ni la kikombe kimoja cha maji. Ninafungua paa, ninamimina taratibu kwenye pembe ya mfereji, kisha ninachungulia chini nyuma ya gurudumu la mbele. Asubuhi ile ya Golf upande wa kushoto maji yalitoka baada ya kitambo kifupi, mekundu kama maji ya kufulia nguo za shamba. Upande wa kulia hayakutoka. Yalijaa kwenye mfereji yakatulia, na jani moja jembamba likaelea juu yake. Nikaweka mkono chini ya zulia la abiria. Palikuwa pakavu, lakini mkono ulitoka na harufu ya gunia lililolowa.

Vuta pia mkanda wa kiti mpaka mwisho. Mstari wa tope kwenye sehemu isiyotoka mara kwa mara maana yake gari lilizama. Magari ya mafuriko ya Marekani yaliuzwa mbali sana baada ya Katrina mwaka 2005 na Sandy mwaka 2012, na karatasi mpya hazielezi. Gari lililotoka Marekani lina jambo jingine: mita inahesabu maili. 120,000 unayoisoma hapo ni kilomita 193,000 na zaidi. Usiamini namba peke yake. Tazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani upande wa juu kushoto, na ukingo wa kiti cha dereva pale mtu anapopandia. Mita hurudishwa nyuma kwa dakika chache. Ngozi iliyochubuka hairudi.

Giaboksi nitaieleza kwa ufupi, maana hapa wanaodanganywa wengi ni wenye magari wenyewe. Waliambiwa mafuta yake ni ya maisha yote. ZF, waliotengeneza giaboksi za BMW na Range Rover nyingi za miaka ile, wenyewe wanashauri kuyabadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Injini ikiwa bado baridi, weka D, kisha R, mguu kwenye breki. Kusubiri sekunde mbili halafu kupigwa mgongoni ni giaboksi iliyochoka. Baadaye, mahali penye nafasi, kata usukani mpaka mwisho na uzungushe duara polepole. Gari likirukaruka kama linazuiwa, shuka utazame matairi. Mengi kati ya magari haya husukuma magurudumu yote manne muda wote. Matairi mawili mapya na mawili yaliyokwisha hulazimisha kisanduku cha kati, kile kinachogawa nguvu mbele na nyuma, kufanya kazi isiyo yake mpaka kife. Ukiwa hapo soma tarakimu nne kwenye tairi: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi likishapita miaka kumi ni la kutupa, hata likiwa na meno mazuri.

Kuhusu usukani wa kulia. Kwa kuwa tunaletewa magari mengi kupitia Dar es Salaam, Zambia na Afrika Kusini, usukani wa kulia umejaa mjini, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Wengi wanafikiria kulipita lori tu, kwamba abiria ndiye anayekuchungulia barabara. Hilo peke yake linatosha kunizuia kulichukua kwenye njia ya Kolwezi. Lakini fikiria pia taa. Taa ndogo za gari la usukani wa kulia zimetengenezwa zimulike zaidi upande wa kushoto, ukingoni mwa barabara za kwao. Hapa kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Unampofusha kila usiku hata ukiwa umeshusha taa, naye hana la kufanya.

Karatasi: namba ya chasi iliyo chini ya kioo cha mbele, ya nguzo ya mlango, ya kwenye bodi yenyewe na ya kwenye karte roze, kadi ya usajili wa gari, lazima zifanane herufi kwa herufi. Karatasi za forodha ziwepo. Jina la muuzaji liwe ndilo lililo kwenye karatasi, au awe na akti ya mauzo iliyomfikia kihalali. Funguo ziwe mbili. Ufunguo wa magari haya hauchongwi sokoni, unasajiliwa kwa kompyuta, na wanaoweza ni wachache. Likikosekana moja kati ya hayo, sijadili bei.

Na fundi. Komisionere, yaani dalali, analipwa gari likiuzwa, hilo sote tunalijua. Tunasahau kwamba mara nyingi hata fundi tunayekwenda naye anasubiri "kitu kidogo" kutoka kwa muuzaji. Mlipe fundi wako siku yake yote kabla hamjaondoka nyumbani, na umwambie mbele ya watu kwamba hata mkirudi mikono mitupu pesa ni yake. Utashangaa atakavyoona vizuri.

Wananiuliza basi ninunue lipi. Mimi kwa mji huu naelekea kwenye Lexus LX 470 au ndugu yake Land Cruiser 100 yenye injini ya lita 4.7. Mafundi wa hapa wanaijua ile injini, na vipuri vinapatikana bila kusubiri mzigo wa Dubai. Nayo ina yake: mkanda wa taimingi unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 150,000 hivi, na LX hainyanyuliwi kwa hewa bali kwa mafuta, yenye matufe ya gesi yanayokufa kwa umri. Ishushe na kuipandisha huku ukitazama chupa ya mafuta yake. Ikishuka mafuta yakapanda kidogo sana kwenye chupa, yale matufe yamekwisha. Kuhusu esanse usijidanganye, hizi za silinda nane mjini zinakula karibu lita 20 kwa kilomita 100. Na lolote utakalochagua, weka pembeni theluthi moja ya bei kabla ya kununua. Gari limeshuka mpaka dola 9,000, lakini kompresa yake na giaboksi yake bado zina bei za gari lililouzwa jipya kwa zaidi ya dola 60,000. Mtu anayemaliza akiba yote siku ya kununua ameshaanza kuliegesha.

Shemeji alinyamaza tulipotoka Golf. Tulitembea mpaka barabara kubwa, akanunua maandazi mawili, akanipa moja. Mwenye gari alikuwa ametushushia dola 1,500 papo hapo, na hilo ndilo lililomuumiza shemeji kuliko zile sentimita saba. "Ingekuwa hajui, asingeshusha haraka vile," akasema.

Wiki iliyopita amepata jingine, Kampemba, la mwaka 2004. Mwenye nalo ni mama mmoja mwalimu, mjane, gari lilikuwa la mumewe. Shemeji alipomweleza habari ya kulala, mama yule alisema, "Baba, hili linalala toka Pasaka. Njoo na betri yako." Tunakwenda Jumamosi, saa kumi na mbili. Utepe uko kwangu.